Ndege Ambazo Hazikuruka

Mwaka ambao kampuni ya Jirani ilivunja rekodi ya faida, mhasibu mkuu wake nilikuwa mimi, Kalunde Kapela, na kwa siku kadhaa nilitembea kwenye korido za makao yetu pale Tabora kifua mbele. Faida ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Mkurugenzi mkuu, Bwana Evarist Byabato, aliagiza keki yenye umbo la ndege, zile ndege zetu zisizo na rubani zinazombeba muuguzi mmoja na sanduku la dawa mpaka uani kwa mgonjwa. Tuliikata huku tukipiga makofi. Nilipewa bawa la kushoto, nikalila lote. Ningejua ninachokijua leo ningelitapika palepale kwenye zulia.

Kilichoniharibia utamu ni swali nililojua nitaulizwa Jumamosi. Wanahisa wetu si matajiri wa mbali wanaosoma hesabu kwenye kioo na kulala. Ni akina mama wa vikoba, wastaafu wa reli, wafuga nyuki wa Urambo na Sikonge. Kila mwaka wanajaza ukumbi, wanabeba chapati zao, na wanauliza. Mwaka ule tulikuwa tumeongeza nyumba nusu milioni, lakini gharama ya ndege ilikuwa imeshuka kwa theluthi nzima. Mama mmoja wa kikoba angesimama aniulize imekuwaje, na mimi sikuwa na jibu.

Nikashuka kwa mafundi. Mkuu wao, Tumsifu, kijana mpole wa Moshi, alikuwa na kisanduku cha Jirani ukutani kwake, sawasawa na vile vilivyo kwenye kila nyumba tunayoihudumia. Nilipoingia kikawasha taa ya kijani, kikaniuliza habari za asubuhi. Nikajibu nzuri. Kikanishukuru, kikanitakia siku njema, taa ikazima. Sikuwa hata nimevuta kiti.

Nikamuuliza Tumsifu mbona kina haraka hivyo. Akatabasamu, maana lilikuwa swali alilolingoja mtu amuulize.

"Tumepunguza subira, dada," alisema.

Akanieleza kwa furaha ya fundi aliyefanya kazi safi. Zahanati za vijijini zilipofungwa, serikali iliipa Jirani kazi ya kujua nani anaumwa, na hulipa kiasi kilekile kwa kila nyumba kwa mwaka, awepo mgonjwa asiwepo. Kila asubuhi kisanduku huiamkia nyumba na kusikiliza majibu. Kikisikia ugonjwa, kinaita ndege. Ndege ikiruka ni gharama yetu, ikilala bandani ni faida yetu. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Sasa, wauguzi wa zamani waliokifundisha kisanduku kusema walikuwa watu wa hapahapa. Walijua kwetu ugonjwa hausemwi mlangoni. Unaulizwa habari, unajibu nzuri. Unaulizwa za nyumbani, nzuri. Unakaa, unakunywa maji, mnaongea mvua na mbuzi, ndipo unasema: ila mwenzenu tangu juzi sikulala. Hata mwenye jeneza ndani atajibu nzuri kwanza, kisha ndipo aseme wamefiwa. Basi wauguzi wale wakakiwekea kisanduku ukimya. Kikishajibiwa nzuri kinanyamaza, kinauliza za shamba, kinanyamaza tena, mpaka ile "ila" ije yenyewe. Ukimya huo mafundi waliuita subira.

Mwaka jana mshauri wa ufanisi aliupima. Akagundua kwamba subira inakula umeme na muda wa satelaiti, na kwamba karibu ndege zote huitwa baada yake, si kabla. Akapendekeza iwe sekunde tatu. Wakaifanya tatu. Wahenga wanasema subira huvuta heri. Yule mshauri aliona inavuta gharama tu, na akalipwa vizuri kwa kuliona hilo.

"Tumsifu," nikamwambia, "kwenu Moshi mtu akiulizwa habari anajibuje?"

Furaha ikamtoka usoni. Akaanza kuchezea kalamu. Nikamuuliza kama anajua watu wanasema nini taa ikishazima, akajibu kwa sauti ya chini sana kwamba kisanduku hurekodi nusu dakika ya ziada baada ya kufunga mazungumzo, kwa ajili ya kuufundisha mtambo lafudhi. Wanaiita mikia. Hakuna aliyewahi kuisikiliza, alisema, ila mtambo wenyewe. Nikamwambia anipe mkia mmoja, wowote, wa nyumba ambayo baadaye iliandikisha msiba. Alipekua akaweka wa kwanza aliouona, wa mwanamke wa kijiji kimoja jirani na Urambo, jina lake Milembe. Nyumba yao ilikuwa imefiwa naye wiki tatu zilizopita.

Jirani ikamuuliza habari za asubuhi. "Nzuri tu," alijibu Milembe. "Za huko kwenu?" Aliuliza kisanduku cha plastiki habari za kwao, kwa sababu alilelewa akaleleka. Jirani ikafurahi kwamba yu mzima, ikamtakia siku njema, ikazima. Kisha ukaja mkia.

"Haya. Ila jamani, kichwa kinaniuma tangu jana, na macho yanaona vimulimuli. Hii mimba ina miezi minane sasa. Miguu imevimba, hata kandambili haziingii. Baba Shija yuko porini kwenye mizinga. Nilikuwa naomba mniangalizie." Kukawa kimya kidogo. "Haya. Nasubiri."

Tumsifu akazima. Muuguzi yeyote, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, angezijua dalili zile kuwa ni kifafa cha mimba, na ndege kutoka Urambo ingefika kabla uji haujachemka. Yule mama alimaliza kusema, akabaki akingoja, akiamini amesikika. Nilipanda ngazi na hasira zangu mpaka ofisini kwa mkurugenzi.

*

Byabato alinisikiliza vizuri, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakufoka wala hakukana. Alinimiminia kahawa akasema kwa pesa zile zilizookolewa tumefika Kaliua, tumefika Uvinza, nyumba ambazo hazikuwa na chochote sasa zina Jirani. Akaniuliza ni bora wachache wasubiriwe sana au wengi waulizwe kidogo. Ni swali la haki, sitamnyima. Ningeweza kukesha nalo, lau wale wengi walioulizwa kidogo wangekuwa wanasikilizwa hata hicho kidogo.

"Mtu mzima akiniambia ni mzima," alisema, "mimi ni nani nimkatalie?"

"Wewe ni Mhaya, Evarist. Ukifika kwa mama yako Bukoba na jino linakuuma, unaanza na jino?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa, kisha akaacha kucheka. Akanikumbusha kwamba Jumamosi wanahisa hawatapitisha hesabu peke yake. Zikipita, papo hapo wataridhia mkataba mpya na serikali, wa nchi nzima, wa miaka mitano, na zile sekunde tatu zimeandikwa ndani yake kama kiwango cha huduma. Baada ya hapo hata yeye akitaka kuzigusa hataweza. Aliyasema haya kunituliza, kana kwamba jambo likishafungwa kamba haliumi tena. Mwishoni akaniuliza hali ya mama yangu, na kama kikoba chao bado kina zile hisa.

Bado wanazo. Jioni ileile mama alinipigia. Walikuwa wamesikia redioni kwamba gawio la mwaka huu ni nono, na mwenzao mmoja ameshaenda kukopa mabati kwa kulitegemea. Nilimwambia ni kweli ni nono. Akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Akangoja, maana mama hana sekunde tatu, ana usiku kucha akitaka. Na mimi, mwanawe, sikusema ile "ila" yangu. Nilikata simu nikajilaani.

Ule mkia nilikuwa nao kwenye simu, Tumsifu alikuwa amenirushia bila kuombwa. Wa Milembe peke yake ulitosha. Ukichezwa ukumbini, hakuna mkono ungenyooka kukubali kitu. Lakini kila kisanduku tulichowahi kutundika kilitundikwa kwa ahadi moja, kwamba kinachosemwa mbele yake hakitoki nje ya nyumba. Watu walituingiza ndani kwa ahadi ile. Nikaona cha kufanya ni kwenda kwa mwenye nyumba nimwombe ruhusa.

*

Mume wa Milembe, yule Baba Shija aliyemtaja, anaitwa Lugendo. Nilimkuta uani akichonga mzinga mpya kwa tezo kutoka kwenye gogo la mninga, maganda mekundu yametapakaa miguuni pake. Ni mtu mrefu, wa makamo, mwenye alama za miiba ya nyuki mikononi. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maji, akaniuliza za safari, za Tabora, za barabara. Nikajibu nzuri kila mara. Nami nikamuuliza za nyumbani.

"Nzuri," alisema. Akachonga kidogo. "Ila mwenzangu ndiyo hivyo, alitangulia."

Nikampa pole. Tulikaa. Kutoka ndani kisanduku, ambacho hakuna mtu aliyekuja kukitoa, kikasikia sauti za uani, kikaiamkia nyumba na kuuliza kama wote hawajambo. Lugendo, bila hata kugeuka, akakijibu hatujambo. Kikamshukuru. Nilitamani kuingia ndani nikibomoe kwa lile tezo lake.

Nilimweleza yote. Sikumficha kwamba kampuni ni yangu pia, kwamba mshahara wangu umetoka humo. Alisikiliza akiwa ameshika tezo bila kulitumia. Aliniuliza swali moja tu, kama mkewe aliugua sana kabla ya kufa au alilala tu. Nikamwambia sijui, ninachojua ni kwamba alisema anasubiri. Akaweka tezo chini.

Nikamwomba ruhusa ya kuicheza ile sauti mbele ya wanahisa. Alikataa. Hakukasirika, alikataa tu kama mtu anavyokataa kuuza kiwanja cha ukoo. "Alikuwa anaomba msaada akiwa na kanga moja, chumbani kwake," alisema. "Hakuwa anahutubia. Watu elfu moja wamsikie akiomba, halafu waende wakanywe soda? Hapana, dada yangu. Mniachie hata hicho."

Nilimwambia kuna wengine wengi watakufa hivyohivyo, nchi nzima, miaka mitano. Akasema anaelewa. Akasema labda nitafute namna nyingine, mimi ndiye msomi wa hesabu. Alinifungia asali kwenye chupa, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima nilikuwa na hasira naye, naye ndiye mtu pekee katika jambo zima ambaye hakuwa na kosa lolote.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walipendeza. Wastaafu wa reli walivaa kofia zao za zamani, akina mama wa vikoba walivaa sare, kila kikoba na kitenge chake, na mama yangu alinipungia mkono kutoka mstari wa nne. Byabato alifungua kwa maombi, kisha akaniita nisome.

Nilisoma mapato, wakapiga makofi. Nilisoma faida, wakapiga vigelegele. Nikafika kwenye gharama ya ndege. Pale ilitakiwa niseme imeshuka kutokana na ufanisi, niendelee. Niliweka karatasi mezani nikawaambia imeshuka kwa sababu ndege hazikuruka, na hazikuruka kwa sababu mkiamkiwa mnajibu nzuri. Nikawaeleza subira na sekunde tatu, kwa Kiswahili cha jikoni, kila mtu aelewe. Nikawaambia mkiunyoosha mkono leo, mnazipitisha sekunde hizo kwa nchi nzima kwa miaka mitano.

Makelele yakaanza. Byabato akachukua kipaza sauti kingine. Alisema kwa upole kwamba mhasibu wetu amechoka, amefanya kazi usiku na mchana, na kwamba tuhuma nzito kama hizi zinataka ushahidi. Ukumbi ukaitikia. Hata walioniamini waliitikia, na walikuwa na haki. Mzee mmoja wa reli akasema, "Binti, tuoneshe. Gawio hili ni ada za wajukuu wetu. Usituvurugie kwa maneno matupu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kidole kilikuwa juu ya jina la Milembe. Nilimwona mama yangu, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha, nyuma kabisa karibu na mlango, nikamwona Lugendo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wafuga nyuki wenzake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na alikuwa ananitazama mimi tu.

Nieleze nini? Nilimchukia kwa dakika ile. Nilimchukia yeye na aibu yake na kanga ya mkewe, nikawachukia wote ukumbini waliofundishwa kusema nzuri tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, nikajichukia mimi zaidi. Ningebonyeza tu, ningeshinda. Na ningekuwa nimemfanyia Milembe kilekile tulichomfanyia mara ya kwanza, kuchukua sauti yake kwa faida yetu bila kumsikiliza. Nikaweka simu mfukoni.

"Sina cha kuwachezea," nilisema.

Byabato alishusha pumzi, na kipaza sauti kikaipeleka pumzi ile ukumbi mzima. Akanishukuru. Akawaomba wanaokubali hesabu za mwaka na mkataba mpya wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda, kwanza mmojammoja, kisha mstari mzima wa vitenge vya bluu.

"Naomba swali kabla ya kura," sauti ikasema kutoka nyuma.

Ni haki ya kila mwanahisa kuuliza kabla ya kura, na pale Tabora haijawahi kukataliwa. Byabato akaruhusu. Lugendo akatembea polepole katikati ya viti mpaka mbele, akaviamkia vyeo vyote vilivyokaa mezani, kisha akaniamkia mimi.

Alijitaja jina. Alisema yeye hakuwa na hisa, hisa zilikuwa za mkewe, Milembe, kupitia kikoba chao, na mkewe amefariki mwezi uliopita na mtoto tumboni, kwa ugonjwa aliokieleza kisanduku baada ya kisanduku kufunga mazungumzo. Hisa zimemwangukia yeye. Leo anaambiwa anyooshe mkono kuikubali faida, naye hana ugomvi na faida, ni mtu wa biashara ya asali, anajua mtu hufanya kazi apate.

"Ila nataka kujua," alisema, "katika hiyo faida, ya mke wangu humo ni kiasi gani?"

Byabato aliniambia nisijibu. Alisema hesabu hazifanywi hivyo, hakuna kitabu kinachomtenga mtu mmoja. Alisema kweli, hakuna. Lakini ndege moja kutoka Urambo na kurudi, pamoja na posho ya muuguzi na sanduku la dawa, naijua bei yake kama ninavyoijua bei ya mkate, kwa sababu ndiyo niliyoizidisha kupata ile jumla waliyoipigia vigelegele.

"Laki moja na elfu themanini," nilimjibu.

Lugendo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu sokoni. "Nashukuru," alisema. "Mimi huko nyumbani nilikuwa nazo." Akarudi kwenye mkeka wa wenzake.

Mikono ilikuwa bado juu. Hakuna aliyewaambia waishushe. Nilimwona mama wa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha bluu, akiutazama mkono wake mwenyewe, kisha akaushusha, akausitiri chini ya mwingine. Byabato akarudia ombi lake la kura kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyemtazama. Yule mzee wa reli aliyenitaka ushahidi alikuwa amesimama, amevua kofia, anakuja mbele akijishikiza kwenye migongo ya viti.

"Na kaka yangu?" aliuliza. "Wa Kaliua. Mwezi wa nne."

Byabato akawaashiria mafundi, vipaza sauti vikazimwa. Haikusaidia kitu. Nyuma ya mzee alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yake mwanamume mwenye kofia ya Kiislamu, na nyuma yao foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, watu wametulia, wanasubiri zamu zao kwa adabu, na kila aliyefika mbele yangu aliniamkia kwanza, nikamwitikia, kisha akanitajia jina la mtu wake na kuuliza.

"Ni bei ileile, baba," niliwajibu. "Ni ileile, mama. Ni ileile."